Mstari Uliovuka Nukta ya Mwisho

Waombolezaji wenzetu, mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, anayesimama mbele yenu ni mdogo wake marehemu, fundi cherehani, mtu wa mkasi na uzi, asiyejua kupamba maneno, na karatasi anayoisoma imepita mikono mingi tangu juzi, maana kaka mkubwa wa familia alitaka kipande kimoja kiondolewe, akisema mambo ya namna hiyo hayasomwi mbele ya jeneza, na mjane akajibu kwamba kisiposomwa hicho basi kisisomwe chochote, tukazike kimya kimya. Mjane ameshinda. Marehemu aliwahi kukosea kosa kubwa, aliishi miaka thelathini na tatu akitafuta mtu wa kumwambia hivyo usoni, na alipokuwa hoi kitandani alituomba jambo moja tu, kwamba siku ya kuagwa kwake kosa hilo lisomwe kwa sauti na watu wasikie.

Marehemu alizaliwa alfajiri ya Alhamisi tarehe 9 Agosti 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa baba fundi mwashi na mama aliyekuwa akifua mashuka ya hospitali, na tangu udogo wake alikuwa mtoto asiyeweza kupita mbele ya picha iliyopinda ukutani bila kuinyoosha, jambo ambalo sisi wadogo zake tulilifanya mchezo, tukawa tunaipinda makusudi kisha tunajificha nyuma ya pazia kumsubiri. Hakuwahi kutukasirikia. Aliinyoosha tu, akaenda zake.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1965, akaendelea na sekondari kuanzia 1966 hadi 1969, akajiunga na chuo cha ualimu mwaka 1970 na kuhitimu mwishoni mwa 1971, na tarehe 10 Januari 1972 akaanza kazi katika shule ya ghorofa moja iliyo karibu na daraja, akifundisha hesabu madarasa ya juu, na hapo hapo akakaa mpaka alipostaafu mwaka 2011, maana hakuwa mtu wa kuhamahama. Wanafunzi walimbatiza jina la Mwalimu Rula, kwa sababu ya ile rula ndefu ya mbao aliyotembea nayo kwapani kutwa nzima, na tuwe wakweli, jina lake la kuzaliwa wengi wenu hapa mmelisikia kwa mara ya kwanza wiki hii.

Kila mwaka alipofika kwenye somo la mahusiano ya mstari mnyoofu, yaani pale kitu kimoja kinapoongezeka kwa hatua zilezile kila kingine kinapoongezeka, hakuanza na ubao, alianza na viti. Aliwatuma wanafunzi wakabebe viti vya plastiki kutoka ofisini, vile vya kupachikana, vya aina hii hii mliyokalia, wapime kimo cha kiti kimoja, kisha viwili vilivyopachikwa, kisha vitatu, waandike kwenye jedwali sentimita themanini, tisini, mia moja, halafu waweke nukta kwenye grafu, na nukta zikishajipanga sawasawa ndipo waandike kanuni yake, kwamba kimo ni sabini jumlisha kumi mara idadi ya viti. Hapo watoto walimkaba, wakitaka kujua hiyo sabini imetoka wapi wakati kiti kifupi kabisa mle darasani kina themanini, naye alikuwa akilisubiri swali hilo kwa hamu, anakaa ukingoni mwa meza yake, anawaambia kwamba sabini ni kimo cha viti sifuri, kiti ambacho hakipo, hakuna atakayekikalia, lakini ukikitoa hesabu nzima haisimami. Kisha aliwaagiza kila mmoja aende nyumbani akatafute kanuni yake mwenyewe, na mmoja wao, ambaye leo ni dereva wa malori na yuko hapa, alirudi na kanuni kwamba kelele za mama ni mbili jumlisha tatu mara idadi ya vyombo visivyooshwa, akapewa alama zote, na mama yake akaja shuleni kulalamika.

Tarehe 15 Desemba 1979, siku ya Jumamosi, marehemu alifunga ndoa na karani wa posta, wifi yetu huyu mnayemwona, mwanamke asiyemung'unya maneno, ambaye anasema alikubali kuolewa kwa sababu marehemu ndiye mteja pekee aliyewahi kubandika stempu bila kuipinda. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza wa kiume mwaka 1981, wa pili wa kike mwaka 1983, na wa mwisho wa kiume mwaka 1986, wote wako hai na wako hapa, pamoja na wajukuu watano.

Sasa tunafika kwenye kile kipande, na anayekisoma anaomba avumiliwe.

Mwezi Aprili mwaka 1988 mvua zilikuwa nyingi na mto uliopita nyuma ya shule ulianza kupanda, naye Mwalimu Rula, kama kawaida yake, akaona hilo ni somo, akapaka alama za rangi nyeupe kwenye nguzo ya daraja, akawapangia wanafunzi zamu ya kwenda kusoma kina kila asubuhi, tangu Jumatatu ya tarehe 11, iliyohesabiwa kuwa siku sifuri, wikendi nayo ikiwemo. Maji yalikuwa yanapanda kwa adabu ya ajabu, sentimita sita kila siku bila kuzidi wala kupungua, nukta zikalala kwenye mstari kama zilizopigwa pasi, na kanuni ikaandikwa kwa herufi kubwa juu ya ubao, kwamba kina ni mia moja na kumi jumlisha sita mara siku. Aliyeipenda kazi hiyo kuliko wote alikuwa binti wa miaka kumi na tatu, mwembamba, mwenye sauti kali iliyompa jina la Kipenga, kwani akisoma nguzo kule darajani walimsikia mpaka ofisini, na nyumba yao ilikuwa ya mwisho kabisa upande wa mto, na wanafunzi walishapima usawa kwa kamba na chupa ya maji wakajua kwamba kizingiti cha mlango wao kiko usawa wa alama ya mia mbili.

Jumatano ya tarehe 20, kipindi cha mwisho, mama yake Kipenga alikuja shuleni, akaingia darasani kwa kunyata, akakaa kwenye dawati la nyuma, mikono juu ya ubao wa dawati kama mwanafunzi, akangoja somo liishe. Alikuwa muuza mkate, mjane, ana mtoto mchanga na mama mkwe aliyepooza, mwenye vidonda vya mgongoni, na majirani walikuwa wamejitolea kumbeba bibi huyo kwa machela jioni ile ile, lakini kila akiguswa alilia, na shemeji yake mwenye gari lenye godoro nyuma angerudi safari Jumapili. Basi akamwambia Mwalimu kwamba herufi zake hazijui, amwambie tu kwa lugha nyepesi, ahame leo au angoje. Mwalimu akashika rula. Nukta ya mwisho ilikuwa siku ya tisa, kina mia moja sitini na nne, naye akauendeleza mstari kutoka hapo kwa chaki, akavuka nukta ya mwisho, akapita siku ya kumi, ya kumi na moja, akaenda mpaka mstari ulipokutana na mia mbili, akagonga hapo kwa kidole, akasema maji yatafika kizingitini Jumanne, kwa hiyo una hadi Jumatatu, mama, ngoja gari. Mama yule akacheka kwa kushukuru, akasema sasa anajua akili za mwanawe zinakonolewa, akaondoka.

Alhamisi nguzo ilisomeka mia moja na sabini, sawasawa na kanuni. Ijumaa ya tarehe 22, kulipokuwa kunapambazuka, ukingo wa bwawa lililokuwa upande wa juu wa mto ukavunjika, na maji yaliyoteremka hayakuijua kanuni ya mtu yeyote, yakapita juu ya kizingiti kile, juu ya madirisha, juu ya bati, yakaondoka na mama, mtoto mchanga na bibi kitandani mwake. Kipenga alipona kwa sababu ilikuwa zamu yake, alikuwa amesimama darajani na chaki mkononi, na aliyaona yote.

Binti alichukuliwa na mjomba wake akaenda kulelewa mji mwingine, hatukumwona tena, na kaka yetu akabaki na swali lake. Alianza kulipeleka kwa watu. Alimwendea mwalimu mkuu, akaambiwa ni bwawa, si wewe. Alimwendea ofisa aliyekuja kuchunguza, akaambiwa hakuna mwalimu aliyewahi kushtakiwa kwa kuchora grafu. Alimshika mkono mjomba mtu pale makaburini, mjomba akamwambia Mungu kapanga. Alikuja kwetu ndugu zake, mmoja mmoja, akituuliza kwa utaratibu kama anayeuliza nauli, je, nisingeuendeleza ule mstari, wangekuwa wamehama, na kila mmoja wetu akamwambia aache kujitesa, tukampa chai, tukabadilisha mazungumzo. Tulimpenda, ndiyo maana, lakini alitoka kila mlango akiwa ameambulia patupu, na wifi yetu anasema hapo ndipo usingizi ulipomkimbia.

Miaka miwili alibadilishana vipindi na mwalimu kijana wa darasa la jirani, ili somo la mstari limpite, mpaka siku moja alipomsikia kijana yule kupitia ukutani akiwaambia watoto kwamba ukishakuwa na kanuni unaweza kujua kila kitakachokuja, akainuka, akaingia bila kubisha hodi, akamnyang'anya chaki, akafuta kipande cha mstari kilichovuka nukta ya mwisho, akakichora upya kwa vidoti vilivyoachana, akatoka. Tangu siku hiyo alilifundisha mwenyewe. Waliosoma kwake baada ya hapo wanajua, na wengine watoto wao wanajua, kwamba penye vipimo ni mstari kamili, pasipo vipimo ni vidoti, na kando ya vidoti lazima uandike maneno haya, kama hali haitabadilika, ukisahau unapata sifuri hata kama jibu ni sahihi. Mkaguzi mmoja alimwandikia kwamba anapoteza muda wa silabasi. Mkaguzi huyo hatujui alikoishia, na familia haina haja ya kujua.

Na ndipo yule mama alipoanza kuja. Hili ndilo kaka mkubwa hakulitaka, lakini wifi yetu kalisikia kwa masikio yake miaka yote, na marehemu hakuwa mtu wa kutia chumvi. Kila mwaka, siku ya somo lile, marehemu akigeuka kutoka ubaoni alimkuta amekaa kwenye dawati la nyuma, nguo zimelowa mpaka mabegani, mikono juu ya dawati, anamtazama bila hasira, anangoja somo liishe kama alivyongoja siku ile. Wifi yetu alipomuuliza anasema nini, alijibu kwamba hasemi kitu, anasikiliza tu, na anaposikia vidoti anatikisa kichwa pole pole, kama mtu aliyekuja kuuliza jambo moja akajibiwa lingine. Mhudumu wa usafi, mwanamke aliyeajiriwa miaka michache kabla marehemu hajastaafu na asiyejua lolote, alilalamika zaidi ya mara moja kwamba kuna mtoto anamwaga maji chini ya dawati la mwisho, na akataka aadhibiwe. Nyumbani kwake marehemu hakuruhusu bomba lidondoke, aliamka kulikaza hata likiwa la jirani, na watoto wake wanakumbuka kwamba ndoo zote zilifunikwa, zenye maji na zisizo na maji. Alikuwa na hofu, tuseme wazi, mtu mzima na ndevu zake, alikuwa na hofu ya mwanamke mpole aliyekaa kwa heshima.

Alistaafu tarehe 9 Agosti 2011, akaagwa kwa saa ya ukutani na kiti cha kunesa, na tukadhani kwa kuwa darasa limekwisha na mgeni wake naye atakwisha, kumbe mgeni alihamia nyumbani, akawa anaonekana kwenye kiti cha karibu na mlango, hana siku maalumu tena.

Mwezi Machi mwaka 2021 marehemu alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, akalazwa, akapimwa, ikaonekana moyo umechoka na mapafu yanajaa maji, na hospitalini waliyatoa kwa sindano, yakarudi, wakayatoa, yakarudi, naye akamwambia mkewe kwamba sasa yanapanda ndani yake. Daktari, kijana mstaarabu, alipojaribu kumweleza muda uliobaki, marehemu alimuuliza ana nukta ngapi, kisha akamwambia kama hazitoshi basi achore vidoti, wakacheka wote wawili, na hicho ndicho kicheko chake cha mwisho tunachokikumbuka.

Jumapili ya tarehe 10 Oktoba, mchana, akiwa amesharudishwa nyumbani, mlango wa chumba chake ulifunguliwa akaingia mwanamke mwembamba wa makamo, mfamasia, amesafiri kutwa nzima baada ya kusikia kwamba Mwalimu Rula anaumwa, na alipotoa salamu tu, kwa sauti ile, marehemu akajiinua kwenye mito kabla hatujaambiwa ni nani. Kipenga alikaa kitini kando ya kitanda, akamshika mkono. Kaka yetu hakumwomba msamaha, hilo tulilishangaa, alimuuliza swali lake lilelile, kwamba mwanangu, kwa nini mlibaki. Binti wa marehemu akaruka haraka kusema baba pumzika, hayo yamepita, lakini mgeni akainua kiganja kumzuia. Akasema, tulibaki kwa sababu ulituambia tuna hadi Jumatatu. Akasema, mama alikuwa ameshafunga mizigo, mwalimu, machela ilikuwa mlangoni, aliporudi kutoka kwako akaifungua mizigo yote, akatandika upya kitanda cha bibi, akaimba akikanda unga, nami nilikuwa nimejaa majivuno kwa sababu ile kanuni niliisaidia kuipata. Akasema na yeye amesubiri miaka yote hii mtu amuulize, na kila aliyemfungulia mdomo alimwambia ni bwawa.

Kaka yetu akalia, kilio cha mtu aliyeteguka bega akarudishiwa, kinauma na kinapoza, kisha akasema ahsante, akalirudia mara kadhaa. Msamaha hakuomba, na mgeni hakuutoa, na familia inaomba asitokee mtu leo wa kumsemea. Kabla mgeni hajaondoka, marehemu ndipo alipotuagiza kwamba kisomwe kipande hiki, akiwa na kumbukumbu zake zote, mbele ya mkewe na mbele ya huyu anayesoma.

Jumanne yake alikitazama kile kiti cha karibu na mlango kwa muda mrefu, na wifi yetu alipomuuliza kama amekuja, alisema amekuja, lakini leo hakukaa, anafunga mizigo. Hakumtaja tena. Alifariki dunia Alhamisi ya tarehe 14 Oktoba 2021, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, mkewe akiwa amemshika bega, na ameacha mke, watoto watatu, wajukuu watano na ndugu watano.

Familia inamshukuru daktari na wauguzi wote waliomhudumia kwa upole, majirani waliopika, waliochota maji na waliolala nje ili wageni wapate vitanda, walimu wenzake waliokuja na basi zima, wanafunzi wake wa zamani waliobeba viti hivi vyote na kuvipanga wenyewe, na kwa namna ya pekee inamshukuru mama mfamasia aliyekaa mstari wa pili, ambaye amerudi safari ile ndefu kwa mara nyingine ndani ya wiki moja, wala hakulazimika.

Wale watatu walikuwa muuza mkate, mtoto wake wa kiume wa miezi saba na mama mkwe wake, na walikufa Ijumaa kwa sababu kaka yetu, kwa nia njema, aliwaambia wana hadi Jumatatu.

Ulikosea, kaka. Limesemwa, na watu wamesikia. Lala sasa.